Jibu la Kompyuta Likikushangaza

(Maandishi ya somo lililosomwa katika radio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno ya programu yamechapwa kama yanavyoonekana katika kioo cha kompyuta, maana sikio peke yake haliwezi kuyashika.)

Chukua daftari lako na kalamu, na kama darasa lenu lina kompyuta, mwambie aliye karibu nayo aiwashe sasa, maana tutaitumia.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Kikundi kimoja cha wafugaji kiliniomba nikisaidie hesabu za maziwa. Karani wao alipima maziwa kila asubuhi na kuandika lita katika kitabu chake, na kila baada ya siku tatu mnunuzi aliletewa hesabu alipe. Mimi niliziandika zile lita katika kompyuta, nikaandika programu fupi ya kujumlisha na kuzidisha kwa bei, na kompyuta ikanipa jibu. Siku ya mkutano nikasimama mbele ya watu, nikasoma kwa sauti kubwa: "Fedha tunazomdai mnunuzi ni shilingi 60,250."

Mama mmoja, mtu mzima, aliyejifunza kusoma katika darasa kama hili lako, akanyosha mkono. Alikuwa na daftari jembamba na kalamu ya risasi. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Mimi nimesikia karani akisoma kitabu chake, nikajumlisha hapa, nimepata 57,750. Labda nimekosea." Nami nikamjibu, na leo naona haya kulirudia neno hili, "Mama, hii ni kompyuta. Kompyuta haikosei hesabu." Mama akanyamaza. Lakini mweka hazina hakunyamaza. Aliomba tuhesabu upya kwa mkono, sote pamoja, na tukahesabu. Yule mama alikuwa amepata sawasawa. Tungalimdai mnunuzi shilingi 2,500 ambazo si haki yetu, na pengine siku ya pili asingalikuja tena.

Sasa, nilivyosema kwamba kompyuta haikukosea hesabu, hilo lilikuwa kweli. Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika namna nilivyolisoma jibu. Ndilo somo letu la leo: jibu likikushangaza, ulichunguze vipi? Na tena, lisipokushangaza?

Kwa wale ambao hawakuwapo juma lililopita, nakumbusha kwa ufupi. Programu tunayotumia kuandikia inaitwa Emacs. Ni ya zamani. Ilianza mwaka wa 1976 katika maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, mikononi mwa Richard Stallman na Guy Steele. Na hii tunayotumia sisi, GNU Emacs, Stallman aliitoa mwaka wa 1985. Ndani yake mna namna ya kupanga maandishi inayoitwa Org, iliyoanzishwa mwaka wa 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa nyota wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, aliyetaka mahali pa kupangia kazi zake na kumbukumbu zake. Baadaye Eric Schulte na Dan Davison wakaongeza sehemu inayoitwa Babel, nayo ikaingizwa katika Org mwaka wa 2010. Babel ndiyo inayotuwezesha kuandika habari kwa Kiswahili chetu, katikati ya habari tukaweka fungu la programu, tukaliendesha pale pale, na jibu likaandikwa chini yake katika ukurasa ule ule.

Fungu langu la maziwa lilikuwa hivi:

    #+begin_src python
    lita = [412, 388, 405]
    return sum(lita) * 50
    #+end_src

    #+RESULTS:
    : 60250

Mstari wa kwanza unafungua fungu, na mstari wenye neno end unalifunga. Neno python ni jina la lugha ya programu tunayotumia. Kati yake yamo maneno ya programu yenyewe: lita za siku tatu, kisha agizo la kuzijumlisha na kuzidisha mara 50, yaani bei ya lita moja kwa shilingi. RESULTS ni neno la Kiingereza, maana yake majibu. Mstari huo hukuuandika wewe, Babel imeuandika.

Kuliendesha fungu, weka alama ya kuandikia, ile inayopepesa, mahali po pote ndani ya fungu. Shika kitufe cha Ctrl, ubonyeze c mara mbili. Emacs itakuuliza kwanza kama kweli unataka fungu liendeshwe, nawe utajibu yes, yaani ndiyo. Usiudhike na swali hilo. Faili likitoka kwa mtu mwingine, fungu lililomo laweza kuwa na agizo la kufuta kazi zako zote, na swali hili ni kama mlinzi wa mlangoni. Lisome fungu kwanza, ndipo ujibu.

(Mwalimu wa darasa asimame hapa, wanafunzi waliandike fungu na kuliendesha.)

Wako ambao hawakupata kitu. Wamebonyeza, wamebonyeza tena, ukurasa kimya. Msibonyeze mara ya tatu. Tazameni chini kabisa ya dirisha, mstari wa mwisho. Hapo ndipo Emacs husemea. Pengine itakuambia kwamba mahali alama yako ilipo haina la kufanya; basi alama yako iko nje ya fungu, irudishe ndani. Lakini wengi mtaona maneno haya:

    No org-babel-execute function for python!

Maana yake: Babel haijaruhusiwa kuendesha lugha ya Python. Mwanzoni Babel huruhusiwa lugha moja tu, Emacs Lisp, ambayo ni lugha ya Emacs yenyewe. Nyingine zote huzifungulia mlango wewe, kwa kuandika maneno haya katika faili la matengenezo ya Emacs, lile linalosomwa kila Emacs inapoanza:

    (org-babel-do-load-languages
     'org-babel-load-languages
     '((emacs-lisp . t)
       (python . t)))

Kisha ifunge Emacs na kuifungua tena. Na kama maneno ya mstari wa chini yalipita upesi kabla hujayasoma, hayakupotea. Shika Ctrl na h, uachie, ubonyeze e. Utafunguliwa ukurasa wenye yote ambayo Emacs imekuambia. Mimi huufungua ukurasa huo mara nyingi kuliko ninavyofungua kitabu cha maelezo.

Sasa tuje kwenye jibu ambalo limewasumbua watu wengi kuliko yote, nami miongoni mwao. Liandike fungu lile lile, lakini uliache neno return:

    #+begin_src python
    lita = [412, 388, 405]
    sum(lita) * 50
    #+end_src

    #+RESULTS:
    : None

None ni "si kitu". Hesabu ni ile ile, tarakimu ni zile zile, na jibu ni si kitu. Mwanafunzi mmoja wangu akaona labda mashine haikusikia, akaiambia iseme. Akaandika hivi:

    #+begin_src python
    lita = [412, 388, 405]
    print(sum(lita) * 50)
    #+end_src

    #+RESULTS:
    : None

Neno print ni agizo la kutoa maneno nje, na kila mahali pengine katika Python lingefanya kazi. Hapa halikufanya. Kwa nini?

Tuseme umempelekea fundi kitambaa akushonee kanzu. Fundi anafanya kazi chumba cha ndani, nawe umekaa barazani. Katikati yenu yuko kijana wake, anasimama mlangoni. Kijana huyu ana desturi mbili, na wewe ndiwe wa kumwambia afuate ipi.

Desturi ya kwanza: kijana hasikilizi neno lo lote la fundi. Fundi aimbe, ahesabu nyuzi, apige kelele, kijana hana habari. Anangoja tu kazi itakapokwisha, fundi anyoshe mkono na kumkabidhi kitu. Alichokabidhiwa ndicho anachokuletea. Fundi asipomkabidhi kitu, kijana anakuja na mikono mitupu, anakuambia: None.

Desturi ya pili: kijana hatazami mkono wa fundi hata kidogo. Yeye anaandika kila neno ambalo fundi anasema kwa sauti, tangu mwanzo hata mwisho, kisha anakuletea karatasi ile.

Katika Python, return ni kukabidhi mkononi, na print ni kusema kwa sauti. Babel usipoiagiza, hufuata desturi ya kwanza. Katika fungu la kwanza fundi alikabidhi, ukapata 60250. Katika la pili alihesabu moyoni, asikabidhi. Katika la tatu alisema kwa sauti nzuri, lakini mbele ya kijana asiyesikiliza.

Basi ukitaka desturi ya pili, iandike katika mstari wa kufungua fungu:

    #+begin_src python :results output
    lita = [412, 388, 405]
    print("Lita:", sum(lita))
    print("Shilingi:", sum(lita) * 50)
    #+end_src

    #+RESULTS:
    : Lita: 1205
    : Shilingi: 60250

Hii ni nzuri unapotaka kuona hatua za hesabu moja baada ya moja. Lakini angalia usichanganye. Ukiweka :results output, kisha ndani ukaandika return, Python yenyewe itakataa, itasema neno return liko mahali pasipo pake. Sababu ni kwamba katika desturi ya kwanza Babel huyafunga maneno yako ndani ya kifurushi kabla ya kumpelekea Python, na return ina maana ndani ya kifurushi tu. Katika desturi ya pili hakuna kifurushi. Kwa hiyo kumbuka jozi hizi: usipoagiza kitu, return, ukiagiza output, print.

(Mwalimu awape wanafunzi dakika tano wajaribu yote mawili.)

Jambo la makosa nitalipitia upesi kidogo, maana kosa linalosema lenyewe si la kuogopwa. Ukikosea herufi, ukaandika lta badala ya lita, dirisha litagawanyika na ukurasa mpya utafunguka, unaoitwa Org-Babel Error Output, yaani ukurasa wa makosa. Umejaa Kiingereza, na wengi huufunga mara moja kwa hofu. Usiufunge. Anza kuusoma kutoka chini. Mstari wa mwisho ndio wenye neno lenyewe:

    NameError: name 'lta' is not defined

Yaani, jina lta halijulikani. Python za siku hizi, tangu toleo la 3.10 la mwaka wa 2021, mara nyingi huongeza swali: Je, ulimaanisha lita? Ni adabu njema kwa mashine. Juu ya mstari huo utaona namba ya mstari uliokosewa. Usiishangae namba hiyo ikizidi hesabu yako. Babel ilipoyafunga maneno yako katika kifurushi iliongeza mistari yake juu. Tafuta mstari kwa maneno yake, usiutafute kwa namba tu. Na kosa likiwa na neno IndentationError, tazama nafasi tupu zilizo mwanzoni mwa mistari yako. Katika Python nafasi hizo ni sehemu ya lugha, si mapambo.

Basi hayo yote, kimya, si kitu, na ukurasa wa makosa, yana fadhili moja: unayaona. Hakuna atakayesimama mbele ya mkutano akasoma, "Tunamdai mnunuzi None." Sasa turudi kwa yule mama, maana jibu nililolisoma mimi lilikuwa tarakimu safi, lisilo na doa.

Karani wa kikundi alikuwa na mwandiko wa haraka. Siku ya pili alipima lita 338, nami nikasoma 388. Jioni ya kabla ya mkutano nilikipitia kitabu chake, nikaliona kosa langu, nikafungua faili na kusahihisha. Ndipo nikaitwa kula. Nikahifadhi faili, nikafunga. Asubuhi nilipolifungua, ukurasa ulikuwa hivi. Utazame taratibu:

    #+begin_src python
    lita = [412, 338, 405]
    return sum(lita) * 50
    #+end_src

    #+RESULTS:
    : 60250

Chukua kalamu ujumlishe: 412 na 338 na 405. Umepata 1,155? Zidisha mara 50. Ni 57,750, kama alivyosema mama. Na chini ya fungu pameandikwa 60250.

Nilikuwa nimesahihisha maneno ya programu, sikuliendesha fungu. Lile jibu lililo chini yake lilikuwa jibu la jana, la maneno ambayo hayako tena. Babel haikai kulinda fungu lako. Huandika jibu pale unapobonyeza, na ikiisha kuandika inakwenda zake. Tangu hapo mstari ule ni maandishi tu, kama salamu katika barua. Waweza hata kuufuta na kuandika 99999 kwa mkono wako, na Emacs haitasema neno. Ukurasa wa namna hii una mambo mawili yaliyoandikwa kwa nyakati mbili, moja juu na jingine chini, na hakuna alama ya kukuonyesha kwamba yameachana.

Tangu siku ile nafanya mambo mawili. Kwanza, nikigusa hata tarakimu moja ndani ya fungu, naufuta mstari wa jibu hapo hapo, kabla ya kufanya lo lote jingine. Nikiitwa kula, heri niikute nafasi tupu kuliko jibu la zamani. Pili, fungu la fedha huliagiza liseme pia lilifanya kazi lini:

    #+begin_src python :results output
    import datetime
    lita = [412, 338, 405]
    print(sum(lita) * 50)
    print(datetime.datetime.now().strftime("%d/%m saa %H:%M"))
    #+end_src

    #+RESULTS:
    : 57750
    : 04/03 saa 19:12

Saa hiyo ni ya kizungu. 19:12 kwetu ni saa moja na dakika kumi na mbili usiku. Niliwahi kumwona mtu akiisoma kama saa saba, akadhani jibu ni la mchana. Mkitaka, kwa saa kama hii ya usiku toeni 18 ndipo msome. Ukiisha kuiona saa, jiulize: je, nililigusa fungu baada ya saa hiyo?

Na kama faili lina mafungu mengi, usiyaendeshe moja moja siku ya mkutano. Shika Ctrl na c, kisha Ctrl na v, uachie, ubonyeze b. Yote yataendeshwa kwa mfululizo, kutoka juu hadi chini.

Jibu la zamani lina njia nyingine za kujificha, na mbili au tatu ni lazima nizitaje, kwa sababu ndani yake hata kubonyeza upya hakukuokoi.

Moja ni kikao. Ukiongeza neno :session katika mstari wa kufungua, Python haifungwi fungu linapokwisha. Inabaki macho na inakumbuka majina yote uliyoipa. Ni jambo la manufaa, kwa kuwa fungu la juu laweza kuweka bei na fungu la chini likaitumia. (Katika kikao, neno return halitumiwi, kijana wa fundi huleta thamani ya mstari wa mwisho.) Tazama:

    #+begin_src python :session maziwa
    bei = 50
    #+end_src

    #+begin_src python :session maziwa
    sum([412, 338, 405]) * bei
    #+end_src

    #+RESULTS:
    : 57750

Tuseme bei imepanda, ni shilingi 55. Ukaenda fungu la juu ukafuta bei = 50, mahali pake ukaandika bei_mpya = 55, ukaliendesha. Ukashuka, ukaliendesha na la chini. Jibu? Bado ni 57750, ingawa linalotakiwa ni 63,525. Fungu la chini linaita bei, na bei ya 50 bado imo kichwani mwa Python, ijapokuwa katika ukurasa haipo tena. Hukosi jibu, wala huoni kosa. Unapata jibu jipya kabisa lililofanywa kwa bei iliyokufa.

Dawa ni kukivunja kikao. Nenda katika ukurasa wa kikao hicho, unaoitwa *maziwa*, uufunge kwa Ctrl na x, kisha k. Emacs itauliza kama kweli unataka kuifunga kazi inayoendelea, kubali. Halafu endesha mafungu yote kutoka juu. Safari hii Python itakuambia kwamba jina bei halijulikani. Pokea kosa hilo kwa mikono miwili. Ndilo ulilokuwa ukilitafuta.

Nyingine ni akiba. Agizo :cache yes huiambia Babel: kama maneno ya fungu hayakubadilika, usijisumbue kuliendesha tena, tumia jibu lililopo. Kwa hesabu inayochukua nusu saa ni neema. Lakini tuseme lita zako haziko ndani ya fungu, ziko katika faili jingine ambalo karani huandika:

    #+begin_src python :cache yes
    lita = [int(mstari) for mstari in open("lita.txt")]
    return sum(lita) * 50
    #+end_src

Karani akisahihisha lita.txt, maneno ya fungu lako hayakubadilika hata herufi. Utabonyeza Ctrl na c mara mbili, Babel itatazama fungu, italiona ni lile lile, na kukuachia jibu la zamani. Ukitaka kuilazimisha, bonyeza kwanza Ctrl na u, kisha Ctrl na c mara mbili. Mimi kwa hesabu za fedha za watu siweki akiba kabisa. Sekunde moja ya kungoja haimwumizi mtu.

Ya mwisho ni majina. Fungu laweza kupewa jina kwa mstari wa #+NAME juu yake, na jibu lake hubeba jina hilo. Watu hulinakili fungu la juma lililopita pamoja na jina lake, wakabadilisha tarakimu, wakaendesha. Chini ya fungu jipya hawaoni kitu. Jibu limekwenda kuandikwa juu kule, mahali pa jibu la fungu la kwanza lenye jina hilo, likafuta hesabu ya juma lililopita. Hapo umepoteza mawili kwa mpigo. Unaponakili fungu, jina libadilishe kabla ya tarakimu.

Kile kikundi bado wanatumia kompyuta. Mimi ndimi ninayebonyeza, lakini jumla inasomwa na yule mama, naye haisomi mpaka aiweke kando ya daftari lake. Zikitofautiana tunakaa chini, na si mara zote kompyuta inayoshindwa; safari moja alikuwa amesahau kubeba 1. Alicheka mwenyewe.

Sasa kazi ya nyumbani. Ninakupa fungu hili. Kabla ya kuliendesha, andika katika daftari lako kwa kalamu kile unachotazamia kukiona chini ya neno RESULTS. Ndipo uliendeshe, ulinganishe.

    #+begin_src python
    mayai = [30, 24, 36]
    print(sum(mayai))
    #+end_src

Kisha lisahihishe kwa njia mbili, moja ya kukabidhi na moja ya kusema. Wasio na kompyuta waandike njia zote mbili katika daftari, mwalimu wa darasa atazisahihisha. Juma lijalo tutazungumza juu ya majedwali, na kwa nini wakati mwingine orodha uliyoitaka iwe mstari mmoja inakuja imekatwa vyumba vyumba. Kwaherini.